Gari Lifike Mlangoni

Tagudit, 12 Oktoba 2008

Mjukuu wangu Bassou,

Salamu zangu zikufikie wewe na mkeo Nezha na watoto wote wawili, Anir na Tililla. Mimi ni mzima. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna aliyenishika kidole, kwa hiyo ukikuta herufi imeanguka usiicheke, iinue uendelee kusoma. Mwalimu wa darasa la wanawake pale msikitini amesema mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa Ijja. Ijja akaninunia wiki nzima. Tumekuwa majirani miaka hamsini, na ananinunia kwa sababu ya herufi!

Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Kokwa za mti wa jozi tumezipukutisha, mwaka huu ni nyingi lakini ndogo. Tufaha nimezipanga darini juu ya majani makavu, nimepanda ngazi mwenyewe. Ami yako Zayd usimwambie habari ya ngazi.

Sasa jambo lenyewe. Gari umenunua?

Nakukumbusha, maana ninyi watu wa mjini mnasahau upesi. Mwezi wa nane mlikaa wote kwenye zulia langu, mnakula mkate wangu, na ami yako Zayd akajifuta siagi mdomoni akasema: "Mama, baridi iliyopita uliumwa siku tisa, barabara imefungwa, hakuna aliyejua kama uko hai. Huku hukai tena peke yako. Utashuka Meknes kwa Bassou." Nikamwambia nitakaa humu nilimoolewa. Akasema: "Haya. Wakati wa Yennayer, mwaka mpya wetu, katikati ya Januari, theluji ikiwa imejaa, mmoja wetu akiweza kufika mlangoni kwako kwa gari, mkewe na watoto ndani, pasipo mtu kulisukuma hilo gari, utabaki. Akishindwa, theluji ikiyeyuka tu unashuka." Wote wakatazama soksi zao. Wewe peke yako ukasema: "Mimi nitajaribu, Bibi."

Kujaribu ni kwako. Mimi nataka ufike. Ukikwama njiani wewe utapata hadithi ya kuwasimulia wateja wako wa nyaya za umeme, mimi nitapoteza nyumba.

Basi sikiliza, gari linanunuliwa kama nyumbu. Babu yako alinunua nyumbu kumi na mmoja katika maisha yake, na mmoja tu alimdanganya, na huyo alimnunua siku ambayo sikwenda naye. Muuzaji atakuonyesha manyoya yanavyong'aa. Wewe inama. Tazama miguu kwanza. Kisha tazama tumbo, maana nyumbu mwenye tumbo la chini analala kwenye theluji kama mkate kwenye unga. Kisha uliza nani alikuwa naye na kwa nini anamwacha. Ukimaliza, mpandishe mzigo kamili, mpeleke kwenye mteremko, ushuke naye. Kupanda kila mnyama anapanda, anaona juu. Kushuka ndiko kunakomtia aibu.

Barua hii anaichukua Hssain, dereva wa lori la soko. Jibu upesi. Lori haliji kila siku na mimi si kijana.

Bibi yako,
Tuda

*

Meknes, 2 Novemba 2008

Bibi yangu mpendwa,

Nakusalimia na kukubusu mkono na kichwa. Nezha anakusalimia, watoto wanakusalimia. Barua yako ilifika Ijumaa. Anir aliisoma kwa sauti mbele ya wageni, na alipofika kwenye mkate na unga wageni wakacheka mpaka chai ikamwagika. Herufi iliyoanguka tuliikuta moja tu.

Sisi ni wazima. Anir ameingia darasa la tatu. Tililla ametimiza miaka mitatu, hataki kuvaa viatu. Kazi ipo nyingi, watu wanajenga, nami nimeongeza kijana mmoja kwenye karakana.

Kuhusu gari, Bibi, usidhani nimelala. Kila Jumapili naenda kwenye uwanja wa magari na Nezha. Tumeona matatu.

La kwanza ni dogo, jipya kidogo, linakula mafuta kidogo. Sisi wanne tunaenea, lakini begi moja likiingia mtoto mmoja anatoka.

La pili, Bibi, ungeliona! Jeusi, kubwa, refu kuliko mimi, viti vya ngozi, vyenye joto la kukalia. Linavuta kwa magurudumu yote manne. Matairi yake mapana kama sinia la arusi. Nilipokaa kwenye usukani, mwenye nyumba wangu alipita akanisalimia kwa jina la "bwana mkubwa". Hajawahi. Nakupelekea picha.

La tatu ni la Kijapani, la miaka kumi na moja, rangi ya majivu, refu nyuma, na mlango mmoja una kovu. Nalo linavuta kwa magurudumu manne. Mwenye nalo ni mkunga mstaafu kutoka Ifrane. Nezha analipenda hilo, sijui kwa nini. Anasema buti lake linaweza kulaza mtu.

Moyo wangu uko kwenye lile jeusi. Lakini sina haraka, Bibi, jambo hili halitaki pupa. Na lolote litakalotokea usiogope. Chumba cha upande wa bustani tumeshakipaka rangi ya kijani, rangi unayoipenda, na nimeweka taa ndogo karibu na kitanda.

Mjukuu wako,
Bassou

*

Tagudit, 23 Novemba 2008

Bassou,

Salamu. Mimi mzima, mbuzi wazima, na mapacha wamekua vichwa vigumu kama ukoo wa babu yako. Theluji ya kwanza imeanguka huko juu Tizi, mahali barabara inapovuka mgongo wa mlima. Bado ni nyembamba. Sikukuu ya kuchinja iko karibu, na najua mtakula kwa wazazi wa Nezha. Sina neno. Mimi nitakula kwa Ijja, nyama yake huwa ngumu lakini anapika kwa moyo.

Nina maneno matatu.

La kwanza. Umepaka chumba rangi kabla hujanunua gari! Wewe unanichukulia mtoto? Mtu anayekuja kunishindia dau anapaka chumba cha kunitia nikishindwa? Na taa ndogo umeshaiweka. Unataka nishuke, Bassou. Sema. Kaa kiume useme, usinizungushe na viti vya ngozi.

La pili. Hilo jeusi nimemwonyesha Hssain. Aliishika picha mbali na macho, akaisogeza karibu, akaniuliza: "Huyu mjukuu wako anakuja kututembelea au kutuoa?" Watu wote garini kwake wakacheka. Nilikutetea, nikamwambia afunge mdomo. Lakini akaeleza, na Hssain amepita Tizi miaka thelathini. Anasema kuvuta kwa magurudumu manne kunakusaidia kuondoka, hakukusaidii kusimama. Tairi pana la mjini linaelea juu ya theluji kama ubao, na gari zito likianza kuteleza kwenye mteremko halimsikilizi mtu. Anasema uliza kama raba ni laini, yenye mipasuko midogo midogo, na ubavuni ina picha ya mlima na ua la theluji. Tena uwe na minyororo ya kufunga tairi, na ujue kuifunga mikono ikiwa imekufa ganzi. Haya si yangu, ni ya Hssain. Yangu niliyasema kabla yake: miguu kwanza!

La tatu. Kwa nini huyo mkunga anauza gari lake? Umeuliza? Mkunga wa Ifrane ameenda kuzalisha wanawake kwenye theluji usiku na mchana. Gari la mtu kama huyo haliwezi kuwa la uvivu. Kovu la mlango si kitu. Mimi nina kovu la goti na bado napanda ngazi.

Fanya hivi. Chukua majirani, wajaze viti vyote. Tia magunia nyuma, ya saruji, ya mchanga, chochote. Tafuta mteremko mkali wenye tope, ushuke kwa gia ndogo bila kukanyaga breki. Ukifika chini shingo yako haijakaza, nunua.

Na kile kifua cha mwaka jana kilikuwa kikohozi tu. Siku tisa Zayd amezitia chumvi.

Bibi yako

*

Meknes, 14 Desemba 2008

Bibi yangu,

Nakubusu mkono. Sikukuu ilikuwa njema, ila Anir alimlilia kondoo na baadaye akamla kuliko watu wote. Nezha anakuletea shali ya sufu, nimemharibia siri yake.

Tumenunua la mkunga.

Nilifanya kama ulivyosema. Niliwachukua fundi seremala na wake wa ndugu zake, watu wanene wote, nikaweka magunia manne ya mchanga nyuma, na mkunga mwenyewe akakaa mbele na mkoba wake magotini. Tukaenda kwenye njia ya machimbo nje ya mji, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Watu kwenye mkahawa wa kona walisimama kututazama. Mmoja akapiga kelele: "Mnahama au mnatoroka?" Tulishuka kwa gia ya kwanza. Gari lilienda kama mzee anayeshuka ngazi ya msikiti, taratibu, bila kutingishika. Chini kabisa mkunga akasema: "Nani alikufundisha kununua gari hivi?" Nikamwambia ni bibi yangu. Akasema: "Basi chukua, nilikuwa naogopa nitalikabidhi kwa mpumbavu." Anauza kwa sababu macho yake yameanza kuona taa mbili palipo na moja.

Matairi yana ile picha ya mlima na ua la theluji. Niliinama nikatazama kabla ya kitu chochote. Minyororo tumenunua, na kila jioni baada ya kazi mimi na Nezha tunajifunza kuifunga hapa uchochoroni, pakavu kabisa, na majirani wanauliza gari letu limefanya kosa gani mpaka tulifunge pingu. Nezha ananishinda. Dakika saba.

Bibi, uliniambia niseme kiume. Nasema. Ndiyo, nataka ushuke. Siku tisa hazikutiwa chumvi. Mimi ndiye niliyepiga simu kwenye duka la Hssain, kule daraja la chini, kila asubuhi, na kila asubuhi akaniambia moshi hauonekani kwako na barabara imefungwa. Siku ya kumi alipokukuta umekaa mlangoni unachambua dengu, ulimwambia kwamba ulikuwa na shughuli nyingi. Aliponisimulia nilicheka, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Lakini niliahidi kufika, na nitafika kwa nguvu zangu zote. Nikifika sitafurahi nusu. Ila nikishindwa, Bibi, usiseme nilitaka.

Bassou

*

Tagudit, 30 Desemba 2008

Bassou,

Barabara imefungwa siku ya sita leo. Barua hii inashuka kwa miguu na kijana wa Ijja anayekwenda kambi ya jeshi, kwa hiyo ni fupi.

Umefanya vizuri kuhusu gari. Nimesema mara moja, sitarudia.

Njooni tarehe kumi na mbili, mkesha wa Yennayer, uji unaliwa jioni hiyo. Msifike Tagudit kabla ya adhuhuri. Nasema tena, msifike kabla ya adhuhuri. Usiniulize kwa nini. Jua linakuwa zuri.

Chukueni mablanketi, mkate, maji, koleo, na viatu vya Tililla hata akilia.

Siku tisa zile tusizungumze tena.

Tuda

*

Meknes, 25 Januari 2009

Bibi yangu,

Nakubusu mkono, kichwa na bega. Tumerudi salama. Tililla anamwambia kila mtu kwamba alipata kokwa ya tende kwenye uji wako wa Yennayer na kwa hiyo mwaka mzima bahati ni yake, ingawa sote tuliona kokwa ilikuwa kwenye upande wa Nezha naye akamsogezea kwa kijiko.

Nimemwandikia ami Zayd: gari lilifika mlangoni, mke na watoto ndani, halikusukumwa na mtu. Amejibu kwa neno moja, "Sawa." Kwa hiyo nyumba ni yako, Bibi. Lakini kuna mambo sikuyasema pale kwako, kwa sababu kila nilipofungua mdomo ulinitilia mkate.

Kwanza yangu. Tulipofika njia panda, kizuizi kilikuwa kimeshushwa, barabara imefungwa. Tukasubiri saa mbili na nusu. Likaja greda la kuondoa theluji, likiwaendea wanajeshi, nami nikamwomba dereva wake tumfuate nyuma. Akatazama matairi, akatazama minyororo, akamtazama mkunga wetu wa majivu, ndivyo tunavyoliita gari, kutoka mbele hadi nyuma, akasema: "Hili sawa. Lile la nyuma yako, hapana." Lile la nyuma lilikuwa jeusi, Bibi, lenye viti vya ngozi. Kwa hiyo mpaka Tizi tulisafishiwa njia.

Pili, juu ya Tizi greda liligeuka likashika njia ya kambi. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mweupe, theluji ya kifundo cha mguu, na kona ile ambayo miaka minne iliyopita niliteleza mimi, Nezha na Anir tukiwa ndani, gurudumu moja likabaki hewani. Hukuambiwa. Ndiyo maana wakati wa baridi hatukuwahi kuja tena, si kazi, si shule. Nilisimamisha gari. Mikono yangu haikutaka. Nezha alinitazama, akasema: "Toka, kaa nyuma na watoto." Nikatoka. Akaketi, akavuta kiti mbele, akaingiza gia ya kwanza, akashuka bila kugusa breki, anamwimbia Tililla. Mimi nilifumba macho. Anir hakufumba, atakusimulia. Tulipokaribia kijiji aliniachia usukani niingie nao mimi. Alishuka tu, akazunguka. Basi ujue aliyefika ni yeye.

Tatu ni yako. Kuanzia daraja la chini mpaka mlangoni kwako ni kilomita nne. Hakuna greda linalofika huko, Bibi, halijawahi. Lakini theluji ilikuwa imekatwa pande zote mbili, safi, kuta zake zinafika kwenye vioo, na nilizijua alama za koleo. Kwenye kona zote kulikuwa na majivu. Majivu ya tanuri, yenye vipande vya maganda ya jozi. Na wageni waliokuja kula uji jioni ile, wote, wanaume kwa wanawake, walikuwa na malengelenge mikononi. Niliuliza mmoja mmoja. Kila mmoja akasema alikuwa anapasua kuni. Ijja hawezi hata kushika kijiko, amefungwa vitambaa, naye eti alikuwa anapasua kuni!

Zayd sijamwambia. Sijui nimwambie nini. Tulifanya hila wewe na mimi, na dau lilikuwa juu ya maisha yako. Ukiumwa tena, Bibi, mimi sina greda mfukoni.

Nijibu kwa kweli.

Bassou

*

Tagudit, 1 Machi 2009

Mjukuu wangu Bassou,

Salamu zako nimezipokea, na zangu zikufikie. Mimi mzima. Theluji imeanza kulainika, maji yanapita chini yake usiku kucha. Mbuzi mmoja wa mapacha amekufa, mwingine amenona kwa wawili. Ijja mikono imepona. Barua yako Hssain aliileta jana, siku ya kwanza lori limepita.

Jibu limechelewa kwa sababu ya theluji. Hata bila theluji nisingekujibu upesi, kwa sababu nyingine.

Kwanza Nezha. Nimemsema vibaya miaka tisa, kwamba ni msichana wa mjini, wa sakafu za vigae, hajui kukamua, anatembea kama anaogopa kuamsha ardhi. Mwambie nimefuta yote, isipokuwa kuhusu kukamua. Mwambie hivi hivi. Nawe usione haya. Babu yako aliogopa daraja la kamba maisha yake yote, na mimi ndiye niliyekuwa nikitangulia na nyumbu, yeye anakuja nyuma ameshika mkia, amefumba macho. Hakuna mtu kijijini aliyejua. Sasa unajua wewe.

Na hilo la gurudumu hewani ungeniambia. Miaka minne nilidhani mnaona haya kwa nyumba ya udongo.

Sasa theluji. Zayd alisema gari lisisukumwe. Theluji hakuitaja. Huo ndio ukweli wa kisheria, na akitaka tuite wazee tuite.

Lakini umeniomba kweli nyingine, nami nitakupa, ila uichome barua hii ukimaliza.

Kwetu, unajua, mtu mwenye kazi kubwa anaita tiwizi. Anapita mlango kwa mlango, anasema nahitaji mikono, watu wanakuja, yeye anapika. Kuvuna, kuezeka, kuchimba kaburi. Mimi nimekwenda kwenye tiwizi za watu wote hapa, ya kwanza nikiwa na miaka kumi na minne. Ya kwangu sijaita tangu babu yako afe. Miaka ishirini na mbili. Dari limevuja, nimepanda mwenyewe. Ukuta wa bustani umeanguka, nimeupanga mwenyewe, jiwe jiwe, mwaka mzima. Nilikuwa nasema, Tuda haombi. Hata nilipokuandikia msifike kabla ya adhuhuri, nilidhani nitaikata njia peke yangu.

Tarehe nane Januari nilipanda juu ya paa, nikatazama barabara. Nikajua. Gari linaweza kuwa na miguu ya shetani, kwenye theluji ya kifua halipiti. Nikakaa pale juu nikaona chumba chako cha kijani.

Nikashuka nikaenda kwa Ijja. Nilisimama mlangoni mpaka vidole vya miguu sikuvisikia. Akatoka akanikuta. "Tuda, una nini?" Nikamwambia nimekuja kumtazama kuku wake. Akasema: "Kuku yupo, mtazame." Nikamtazama kuku. Kisha nikasema, nahitaji mikono. Nilisema kwa sauti ndogo, akanifanya nirudie, mwanamke yule, alisikia mara ya kwanza!

Unajua alisema nini? Alisema: "Baridi iliyopita nilikuja mlangoni kwako mara tatu. Ulisema kutoka ndani kwamba unafagia. Mtu hafagii siku tisa, Tuda. Tulikuwa tunasubiri useme."

Walikuja watu thelathini na wanne. Siku tatu. Imamu alikuja, na mwalimu wa darasa letu, na mama mkwe wa Hssain ambaye hatukuwa tumesemezana naye tangu arusi ya dada yake. Mimi nilimwaga majivu kwenye kona, majivu ya tanuri langu, na nilipika mpaka sufuria likatoboka. Niliwaapisha wasiseme. Nilidhani wanajua kudanganya. Kupasua kuni!

Kwa hiyo mwambie Zayd. Mwambie yote, na la greda pia. Akisema dau limevunjika, mwambie aje tuzungumze, lakini kwanza ajue tulilopanga hapa. Kila asubuhi nafungua dirisha la upande wa Ijja kabla jua halijagusa paa. Lisipofunguka, anaingia. Ufunguo anao. Nikiwa na homa anamtuma mtu kwa Hssain, Hssain anakupigia simu, na watu wanaanza kuchimba kutoka huku, ninyi mnakuja kutoka huko na mkunga wenu. Imamu ameandika majina kwenye karatasi, nani ana koleo, nani ana nyumbu. Si kwangu tu. Wazee tuko saba.

Chumba kisibomolewe. Nitakuja kukikagua mwezi wa nne, wiki mbili, nione kama taa ndogo inafaa. Nezha aje kunichukua. Wewe unaweza kukaa nyuma na watoto.

Zayd alisema barabara ilifungwa siku tisa na hakuna aliyeweza kunifikia. Barabara ilifungwa kweli. Mlango niliufunga mimi.

Sasa niache, maana Ijja ameingia tena bila kubisha, amekaa mbele yangu na miguu yake yenye tope kwenye zulia, anataka kujua ninaandika nini juu yake. Nimemwambia darasa ni Jumanne na Alhamisi, aongeze bidii, atasoma mwenyewe.

Bibi yako,
Tuda